Gari la Spika

Binamu yangu wa Biryogo, Kigali, alinitumia video ya sekunde 40. Barabara ya lami yenye njia nne, taa zinabadilika kutoka nyekundu kwenda kijani, na hakuna gari la kuzitii. Watu wameijaza kutoka ukingo hadi ukingo. Wanakimbia polepole: akina mama waliojifunga vitenge juu ya suruali za michezo, wazee wenye kofia, baba aliyembeba mtoto mabegani. Mbele yao linatambaa lori, na nyuma ya lori zimepangwa spika. Simu ilikuwa imerekodi vibaya, besi imepasuka, lakini kusikiliza spika zilizopasuka ndiyo kazi yangu. Niliiweka sikioni nikahesabu kwa kidole juu ya meza. Mapigo 112 kwa dakika. Amapiano hiyo. Nikamwandikia binamu: nakuja.

Ninapiga mziki Ngara. Kwa asiyekujua kwetu, Ngara iko kwenye kona ya Mkoa wa Kagera, pale Tanzania inapokutana na Rwanda na Burundi. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi unaiona jioni na alfajiri ya pili kabla hujafika. Nina spika nne, amplifaya mbili, mixa ya chaneli nane iliyoshakufa chaneli moja, na jenereta ninayoipenda kama mtoto. Ninakodishwa kwa harusi, send-off, kipaimara, na wakati wa uchaguzi kwa mikutano ya siasa. Katika shughuli hizo zote watu wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakisubiri kuitwa kwenda kutoa zawadi. Mziki unapigwa mahali pamoja, na mwisho wake ni pale turubai linapoishia.

Mimi nimeuona mziki unaotembea. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa Dar miaka sita, nikibeba spika za watu Manzese na Mburahati. Huko nilikuta mdundiko, ngoma ya Wazaramo isiyojua kukaa. Inaondoka kwa mwenye shughuli, inazunguka mitaa, na kila nyumba inayopitiwa inatoa watu wake, hata waliokuwa wamelala. Nilikuta wazee wa mchiriku, waliochukua vinanda vidogo vya Casio vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, wakaviunga kwenye spika za honi, wakapata sauti ambayo hakuna kiwanda kilichoikusudia. Nilikuta singeli inazaliwa katika vyumba vya matofali, kompyuta moja, vijana kumi, mapigo 200, 250, hadi 300 kwa dakika. Wanaosema Afrika ililetewa mziki wa mashine kutoka Ulaya hawakulala Mburahati usiku wa kigodoro.

Lakini Ulaya nayo ilikuwa na yake. Katika intaneti kafe moja ya Magomeni nilionyeshwa picha za Love Parade ya Berlin: malori yenye spika yanapita kwenye barabara kuu, watu hadi upeo wa macho. Ilianza Julai 1989, watu wapatao 150 tu nyuma ya magari machache, na aliyeianzisha, Dr. Motte, aliiandikisha kama maandamano ya kisiasa ili apewe barabara. Miaka 10 baadaye ilikusanya watu milioni moja na nusu. Nilitazama nikasema, huu ni mdundiko. Tangu siku hiyo nilitaka kusimama mara moja katika maisha yangu nyuma ya gari la spika, barabarani mchana kweupe, watu wasiojuana wakinyanyua mguu kwa pigo moja. Berlin ni mbali kwa mwenye spika nne. Kigali ni ng'ambo ya mto.

Niliondoka Ijumaa jioni, nikalala Benako kwa dada yangu ili niwahi mpaka. Jina la Benako limebaki kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara ile. Nje ya wilaya yetu jina hilo likitajwa, watu wazima hukumbuka kitu kimoja.

Nilikuwa na miaka tisa. Tarehe 28 Aprili 1994 na kesho yake, ndani ya saa 24, watu kati ya 200,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia kwetu. Shamba letu la migomba lilikuwa karibu na barabara. Mama alitusimamisha uani, mimi na dada, akatushika mikono, tukatazama. Ninachokumbuka ni mlio wa nyayo, wala si kelele. Umati mkubwa kiasi kile ungetegemea upige kelele, lakini ulitembea kimya, masufuria mgongoni yakigongana, siku nzima na usiku kucha, na mlio wa nyayo haukukatika. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita na walikuwamo waliotoka kuua, na mtoto wa miaka tisa asingeweza kujua nani ni nani. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unachukua maiti za Watutsi kuzipeleka Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda waliziopoa na kuzizika. Mama hakula samaki kwa miaka mingi. Benako ikawa mji wa turubai, moja ya kambi kubwa kabisa duniani kwa wakati ule, hadi Desemba 1996 watu waliporudishwa kwa barabara ileile.

Kazi yangu pia ilianzia pale. Mwaka 1995 mapadre Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walifungua kituo cha redio Ngara, wakakiita Radio Kwizera. Kwizera ni neno la watu wa ng'ambo lenye maana ya kutumaini, na sisi Wahangaza hatukuhitaji kutafsiriwa. Lugha yetu na yao ni mtu na ndugu yake. Redio ile ilikuwa inasoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Jina, kijiji, jina la mama. Kisha wimbo. Kisha majina tena. Nilijifunza kurekebisha redio ya betri kwa sababu mama alikuwa hataki majina yapite hayajasikika, ijapokuwa hakuna hata moja lililokuwa letu.

Asubuhi nilisikia maporomoko ya Rusumo kabla sijayaona. Sasa pana mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa na nchi tatu, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa Aprili 2016, ambapo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja. Unavuka daraja, na hapohapo magari yanahama: kwetu yanakwenda kushoto, kwao kulia. Saa nayo inarudi nyuma saa moja nzima. Nilizungusha mishale ya saa yangu nikiwa katikati ya daraja, maji meupe yakinguruma chini, nikawa nimepewa saa moja ambayo sikuiomba.

Saa hiyo na nyingine mbili nilizitumia nimekaa kwenye jiwe. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na hadi saa tano asubuhi mabasi hayasafiri. Watu wako barabarani na majembe na mapanga ya kufyekea. Nilitazama mtaro ukizibuliwa. Walipomaliza walikaa kwenye nyasi, na kiongozi akachukua kipaza sauti cha mkononi kile chenye betri, kinachokwaruza kila ukivuta pumzi, akawaeleza habari za bima ya afya na mvua zinazokuja. Nilimwelewa karibu kila neno. Mwezi ule uliishia siku hiyohiyo, ndiyo maana Jumamosi ya umuganda iliangukia mguuni pa Jumapili ya kwanza ya mwezi mpya, na Jumapili ya kwanza ndiyo niliyoifuata.

Basi dogo likaondoka saa tano na dakika chache. Barabara inapanda na kushuka katikati ya migomba, vilima juu ya vilima, mpaka Kibungo, ambako wilaya yake inaitwa Ngoma. Nilicheka peke yangu kwa furaha, mwanamke jirani yangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, nasafiri kufuata ngoma, na hapa nimefika. Akanifundisha jambo ambalo nilikuwa nalisikia nusunusu: kwa Kinyarwanda neno ingoma ni ngoma hii ya kupigwa, na ni ufalme pia. Aliyeshika ngoma ndiye aliyeshika nchi. Ngoma ya wafalme ilikuwa na jina lake, Karinga, na ilitunzwa kama mtu. Kayonza ikapita, Rwamagana ikapita, mimi bado nalitafuna neno lile. Lugha iliyoweka utawala na ngoma ndani ya neno moja inamwambia kitu mtu anayekodisha spika kwa vyama vya siasa.

Biryogo nilifika kabla ya magharibi. Shangazi anakaa hapo tangu alipoolewa, nyumba ya tatu kutoka kwenye barabara iliyopakwa rangi ambayo magari hayaruhusiwi, na wenye migahawa wameweka meza katikati. Wakoloni wa Kibelgiji ndio waliowakusanya Waislamu na Waswahili upande huu, wakawatenga na wengine; leo ndio mtaa ambao mtu kutoka Tanzania anashuka kwenye pikipiki na kuulizwa kwa Kiswahili, "Umetoka wapi, kaka, umechoka hivyo?" Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Biryogo hawakusubiri.

"Mwanangu umekonda," shangazi akasema. "Mziki haulishi?"

"Unalisha, shangazi. Barabara ndiyo imenikondesha."

"Kaa ule. Mtoto wa kaka yangu hatatoka humu hajala."

Usiku nilikaa na binamu nje tukinywa chai na chapati. Yeye ni dereva, lakini rafiki zake wawili wanapiga mziki kwenye kumbi, na mazungumzo yakawa ya kazi. Nilishangaa jinsi mji ulivyo na adabu ya sauti. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 baa na kumbi zinafungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki, na hata kabla ya saa hizo ukizidisha sauti mtaani unafuatwa. Mmoja wa wapiga mziki wale alikuwa analalamika: unaanza kupata watu saa tano, saa nane unazima. Mwenzake akasema yeye haoni vibaya, jirani ana mtoto mchanga. Kisha akaongeza, "Mji huu haukukatazi kupiga. Unakupa saa yako. Kesho utaona."

Siporo rusange, ndivyo wanavyoiita. Maana yake ni michezo ya watu wote. Jiji la Kigali liliianza mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, siku ya kufunga barabara kwa magari. Baadaye ikawa mara mbili, Jumapili ya kwanza na ya tatu, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Sababu yake ya serikali ni afya: kisukari, shinikizo la damu, moyo, moshi wa magari. Hakuna tangazo linaloiita gwaride la mziki wa mashine. Nilijua hivyo nilipofunga begi Ngara. Mdundiko nao hautangazwi kuwa ni mziki. Watu wanasema wanamtoa mwali.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umeshika mabonde. Tuliteremka kwa miguu na tukaanza kupanda upande wa Kimihurura, na polisi walikuwa wameshasimama kwenye makutano na vizuizi vyao. Jambo la kwanza lililonigusa ni kimya. Mji wa watu zaidi ya milioni moja, barabara kuu, na unasikia ndege. Unasikia viatu vya mwenzako. Kisha kutoka juu, upande wa Convention Centre na kuba lake, ukaja mguno ule ambao mwili wangu unautambua kabla ya masikio: besi, bado iko mbali, inafika kifuani peke yake bila wimbo.

Nilianza kukimbia. Binamu akanishika shati. "Polepole. Wanakuja wao."

Wakaja. Kwanza watoto wa viatu vya magurudumu, halafu waendesha baiskeli, halafu lori, halafu watu. Nimejaribu mara kadhaa kuandika wingi wao na sipati namba ninayoweza kuiapia. Niseme tu kwamba nilisimama pembeni kuwangojea wapite ili niingie nyuma, na nyuma haikufika. Tukaingia katikati.

Juu ya lori alikuwa mwalimu wa mazoezi, kijana mwenye kipaza sauti cha kichwani. Nyuma yake, amejikunyata kati ya spika na jenereta, fundi. Nilimtazama huyo kuliko mwalimu. Lori likitambaa kwenye mteremko, spika zinataka kwenda mbele. Alikuwa amezifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, vilevile ninavyofunga mimi. Jenereta ameikalisha juu ya tairi kuukuu ili mtetemo wake usipande kwenye mixa. Kila mwalimu alipofungua mdomo, kidole cha fundi kilishusha besi kidogo, sentimita moja, neno likapita, kidole kikarudisha. Wakimbiaji walikuwa hawajui kwamba kuna mtu anafanya hivyo. Walichojua ni kwamba wamemsikia mwalimu na mguu haujapoteza pigo. Nilitembea kando ya lori lile karibu kilomita nzima kwa ajili ya kidole kile.

Na pigo lenyewe. Ile 112 ya kwenye simu haikuwa bahati. Mtu akitembea kwa haraka ya kawaida, hatua zake ni kama 110 hadi 115 kwa dakika. Amapiano imekaa humo humo, kana kwamba waliokuwa wanaitengeneza Afrika Kusini walikuwa wanatembea kwenda kazini. Ndiyo maana bibi wa miaka 70 aliyekuwa mbele yangu, ambaye hakuwa anacheza, alikuwa anacheza. Alikuwa anatembea tu, mkoba begani, na kila kisigino chake kilianguka juu ya pigo. Upande wake wa kulia binti mmoja alikuwa anakimbia, hatua tatu kwa kila mapigo mawili. Mzee wa fimbo alikuwa anatua hatua moja kwa kila mapigo mawili. Watu watatu, mwendo wa aina tatu, mziki mmoja umewabeba wote bila kumchelewesha mmoja wala kumkokota mwingine. Nimepiga mziki miaka 15 chini ya turubai na sikuwahi kuona hilo, kwa sababu sikuwahi kuwapigia watu wanaokwenda mahali.

Nilipoinua macho tena tulikuwa tumefika kwenye kizuizi kingine cha polisi, na hapo mawazo yakabadilika. Sikuyaita. Watu wanakimbia, wengi, nyayo kwenye lami, mlio ule usiokatika. Kizuizi barabarani. Gari lenye spika. Mwaka 1994 nchi hii ilikuwa na vitu hivyo vyote vitatu.

Kuna hukumu ambayo kila anayeishi kwa spika angepaswa kuisoma. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mkubwa wa Rwanda. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani tarehe 2 Desemba 2008, ikampa miaka 15. Nyimbo zake zilijadiliwa sana mahakamani, lakini kilichomfunga hakikuwa nyimbo. Ilikuwa ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994 kwenye barabara kati ya Kivumu na Kayove, akiwa kwenye msafara wa magari, kupitia gari lililofungwa vipaza sauti: kuwachochea watu wawaangamize Watutsi. Barabara, msafara, gari la spika, mziki. Kabla yake redio ya RTLM, iliyoanza Julai 1993, ilikuwa imewavuta vijana kwa nyimbo nzuri kuliko za redio ya taifa, na katikati ya nyimbo ikawa inasomwa chuki, halafu majina ya wa kuuawa. Majina, wimbo, majina. Mwaka mmoja baadaye, ng'ambo ya mto, Radio Kwizera ilisoma majina kwa mpango uleule, ikiwatafutia watoto mama zao. Amplifaya haijui tofauti. Waya haujui. Niliwahi kukaa nyuma ya mixa yangu kwenye mkutano mmoja, mtu jukwaani akaanza kuwasema watu wa kijiji fulani, na mkono wangu ukabaki juu ya meza. Sikushusha sauti. Nilijiambia nimelipwa. Hakuna aliyeumia siku ile, na bado naikumbuka kuliko harusi zote.

Kwa hiyo nilisikiliza alichokuwa anasema mwalimu juu ya lori. Nilikisikiliza neno kwa neno, kama mama alivyokuwa anasikiliza redio. "Kulia. Kushoto. Mikono juu. Pumua. Mtazame aliye kando yako. Msalimie." Binti aliyekuwa anakimbia akanigeukia, jasho linamtiririka, akasema, "Komera!" Maana yake uwe na nguvu. Nikamjibu kwa Kihangaza na akaelewa.

Kuhusu watu wanaoogopa umati, sina la kuwabeza. Love Parade ile ya Berlin iliishia Duisburg, tarehe 24 Julai 2010, watu 21 walipokufa kwa kubanwa penye njia moja tu ya kuingilia na kutokea. Tangu nilipoisoma habari hiyo, mahali popote natafuta kwanza njia ya kutokea. Kimihurura nilizihesabu: kila mita chache kijia kinachopanda au kushuka, barabara ya mawe, ukuta mfupi wa kurukwa. Lori likikaribia makutano lilikuwa linasimama, mwalimu anawafanya watu wanyooshe viungo hapohapo, mpaka walio nyuma wapumue. Huo ni ufundi. Umati unaopigiwa mziki unakwenda kwa kasi ya mziki, na aliye kwenye mixa ndiye mwenye breki.

Mwisho wa mzunguko watu walitawanyika kwenye uwanja penye mahema ya kupima shinikizo la damu na sukari. Bila malipo, mstari mrefu, unakwenda haraka. Ratiba ya mwalimu ilikuwa imekwisha na barabara zilibakiwa na nusu saa kabla ya kufunguliwa. Binamu akanisogeza kwa fundi wa lori, akanitambulisha: huyu ni mwenzako, ametoka Ngara, amekuja kukutazama wewe. Fundi akafuta mkono kwenye suruali akanipa. Akaniuliza nimebeba nini. Nilikuwa na flashi shingoni, kama siku zote.

"Nina singeli," nikasema. "Lakini iko 224."

Akanitazama, akatazama kompyuta yake. Wimbo uliokuwa unaisha ulikuwa 112. Akatabasamu kabla sijamaliza kueleza. Mara mbili yake kamili: kila pigo la amapiano linakanyagwa na pigo moja la singeli, na jingine linaingia katikati, hakuna linalogongana. Aliiachia polepole chini ya ile ya kwanza, kwa sauti ndogo, mpaka vinanda vya Mburahati vikaanza kukimbia ndani ya besi ya Johannesburg kama panya ndani ya dari. Halafu akaitoa amapiano.

Watu walisita. Vijana wachache waliruka, wakajaribu kuifuata singeli kwa kila pigo, wakachoka kwa sekunde kumi. Kisha nikamwona bibi wa mkoba. Alikuwa ametoka kupimwa, pamba imebanwa kidoleni. Hakubadilisha mwendo wake hata kidogo. Aliendelea kutembea na 112 yake ndani ya 224, kisigino, kisigino, akivuka lami tupu, na vijana wakamwona, wakashuka kwenye mwendo wake, nyuma yake, watano, halafu kumi na wawili, wakampigia makofi. Akageuka akashangaa ana watu. Akainua mkono wenye pamba.

Saa nne kamili fundi alizima. Hakuzidisha hata dakika. Polisi waliondoa vizuizi na pikipiki ya kwanza ikapita.

Nilirudi Jumatatu. Kwa mama nilifika usiku, amekaa kwenye mkeka, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Nilimwonyesha video niliyoipiga mwenyewe nikiwa mbele ya lori, nikiutazama umati unaokuja. Niliizima sauti kwanza. Niliogopa ule mlio wa nyayo. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii ni Rwanda?"

"Ni Kigali, mama."

Akatazama watu wale wanavyoijaza barabara, wanamjia. Akatazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo mwenyewe kwa kidole gumba.

"Wanakimbilia wapi?"

"Hawakimbilii mahali. Wanazunguka, kisha wanarudi makwao."

Akakaa kimya kidogo. Akanyoosha mkono akazima redio.

"Hebu iweke na sauti," akasema.